Mwalimu wa Baiskeli Aliyeogopa Lami

Siku Lorine alipokutana na Njogu, alikuwa amesimama katikati ya njia ya lori la Njogu na miguu imekataa kusogea.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Noonkopir mjini Kitengela limejaa hadi barabarani. Lorine alikuwa akivuka na baiskeli mbili, moja kila mkono, akizipeleka kwenye uwanja wa kanisa alikokuwa akifundisha. Lori la vitunguu likaanza kurudi nyuma, polepole, likilia ule mlio wake wa kuonya watu. Wote waliokuwa njiani walisogea bila hata kuinua macho. Yeye alibaki pale pale, viganja vimelowa jasho, akitazama bampa ikimjia kama mtu anayetazama jambo lisilomhusu.

Mama mmoja wa sukumawiki ndiye aliyepiga bodi ya lori kwa kofi. Lori likasimama, zimebaki hatua mbili.

Dereva alishuka. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, mweusi wa kung'aa, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwiko na buti zimekolea vumbi jekundu. Lorine alingoja matusi, maana madereva wa malori hawana subira na watu wa baiskeli. Matusi hayakuja. Mwanamume alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake.

"Madam, wewe ni trafiki ama unauza baiskeli?"

"Endesha tu," Lorine alisema. "Natoka."

"Siendeshi. Unatetemeka." Akaichukua baiskeli moja, akaisukuma hadi ng'ambo, kisha akarudi akachukua na ya pili, na ndipo miguu ya Lorine ilipokumbuka kazi yake ikafuata.

Akajitambulisha kuwa ni Njogu, mzaliwa wa Ol Kalou, na kwamba alibeba vitunguu na nyanya kutoka Illasit, mpakani, mara mbili kwa wiki, Alhamisi na Jumamosi. Akaomba nambari ya simu. Lorine alikataa, akaenda zake, akasahau kwamba fulana ya kijani aliyoivaa ilikuwa na nambari ya shirika alilofanyia kazi imeandikwa mgongoni kwa tarakimu kubwa, na kwamba simu ya shirika ilikuwa kwenye mfuko wake mwenyewe. Ikalia kabla hajafika uwanjani.

"Nataka kujifunza baiskeli," sauti ilisema.

"Sababu?"

"Nimeona mwalimu ni mrembo, na anapenda kusimama mbele ya malori. Nataka nijue mambo hayo yanaendaje pamoja."

Lorine alikata simu. Lakini alikuwa akitabasamu, na mwanafunzi wake wa kwanza siku hiyo alimuuliza kama amepata habari njema kutoka nyumbani.

Shirika lenyewe liliitwa Gurudumu Letu. Lilikuwa na chumba kimoja karibu na barabara ya kwenda viwanda vya EPZ, baiskeli thelathini na moja, na mkurugenzi aliyeitwa Ngui, mwanamume mpole aliyeamini kwamba Kitengela ingepumua vizuri kama watu wangeacha kupanda gari kwenda dukani. Shirika liliwafundisha watu wazima kuendesha, likaenda shuleni kufundisha sheria za barabara, na kila mwisho wa mwezi likawakusanya watu wa mitaa kwa msafara wa pamoja. Lorine alikuwa mwalimu wao mkuu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, binti wa mwalimu mstaafu wa Butere, na hakuna aliyekuwa na subira kama yake. Alikimbia pembeni ya wanafunzi akishikilia kiti, akawaambia watazame mbele, akawaachia bila wao kujua.

Kila mtu pale alijua kwamba miaka mitatu nyuma, mwezi wa tatu, trela lilimgusa kwa ubavu kwenye Barabara ya Namanga likamtupa mtaroni, na kwamba dereva hakusimama. Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Kila mtu alijua pia kwamba alirudi kazini baada ya miezi minne, na wakamsifu kwa ujasiri. Kile asichokijua yeyote, au ndivyo Lorine alivyodhani, ni kwamba tangu siku ile hakuwa amekanyaga pedali juu ya lami ya barabara kuu hata mita kumi. Aliendesha uwanjani. Aliendesha kwenye vichochoro vya mtaani. Msafara ulipotoka alikuwa na sababu yake tayari: leo mimi nitakaa kwa gari la maji, leo acha nibaki na wale wapya, leo tumbo halijatulia. Usiku aliota honi.

Njogu alipiga tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi akafika uwanjani na wavu wa vitunguu begani. Aligundua kwamba jina la Lorine likikatwa katikati linabaki Lori, na tangu hapo hakumwita vinginevyo.

"Unachukia malori na jina lako lenyewe ni lori," alimwambia. "Lori wangu. Wengine wote nawaendesha, huyu mmoja ananiendesha mimi."

Lorine alimwambia aache upuzi, na akaona hataki aache. Walianza kula chakula cha mchana pamoja siku zake za kuja mjini, samaki na ugali kwa kibanda kimoja nyuma ya stendi, Njogu amebadilisha shati na kunukia sabuni, Lorine amefungua nywele ambazo kwa kawaida hukaa chini ya helmeti. Jioni Njogu alimpigia akiwa Emali, akiwa Kimana, akiwa amesimama Illasit, chini ya mlima, akingoja mzigo, akimwelezea jinsi wingu lilivyoufunika au kuufunua. Asipopiga kufikia saa mbili, Lorine alianza kuzunguka chumba chake cha kupanga akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Mwezi wa sita Ngui alitaka dereva wa kuwafundisha wanafunzi jinsi lori linavyoona. Njogu alileta lake hadi uwanjani, tupu na limeoshwa. Mmoja mmoja walipanda kwenye kabini na kukaa nyuma ya usukani, huku Zipporah, mama wa miaka hamsini na miwili aliyeuza nyanya Noonkopir, akisimama na baiskeli yake karibu na gurudumu la mbele la kushoto, amevaa jaketi la njano linaloonekana kutoka Athi River.

Lorine alipanda wa mwisho, kwa sababu asingeweza kukataa mbele yao. Akatazama kioo cha kushoto. Akaona bodi ya lori, akaona nyasi, akaona ukuta wa kanisa.

"Zipporah ameenda wapi?" aliuliza.

"Hajaenda," Njogu alisema kutoka chini, taratibu. "Yuko pale pale."

Lorine alitazama tena. Aliinama, akanyoosha shingo, bado hakumwona. Miaka mitatu alikuwa amemchukia dereva fulani asiye na uso, aliyemwona, akamgonga, akaendelea na safari yake. Sasa alikaa kwenye kiti kama cha dereva huyo na machozi yakamtoka, hakujua kama ni ya hasira au ya kitu kingine. Njogu aliwaambia wengine waende wakanywe soda. Walipobaki wawili, Lorine alimwambia yote: visingizio, gari la maji, ndoto. Alimwambia kwamba yeye ni mwongo anayelipwa kufundisha ujasiri asio nao. Akamwapisha asimwambie mtu.

Njogu alipanda kabini akaketi kando yake. Kisha akamwambia kwamba tangu amjue, kila baiskeli anayoiona mbele ya lori lake huipita kwa upana wa barabara nzima, hata wenzake wanamcheka.

Mwezi wa tisa kila mwaka Gurudumu Letu hufanya msafara wake mkubwa, kutoka Kitengela hadi mjini Kajiado, kilomita hamsini hivi. Siku zote aliyeongoza alikuwa Ngui. Mwaka huo goti lake lilifanyiwa upasuaji, na kwenye mkutano wa watu wote, akiegemea magongo, akatangaza kwamba wa kuongoza watu sabini ni Lorine. Watu walipiga makofi. Lorine alifungua kinywa kusema hawezi, na kilichotoka ni asante.

Zilibaki wiki tatu. Wiki ya kwanza aliacha kula asubuhi. Wiki ya pili alijaribu alfajiri moja, peke yake, akafika pale njia ya mtaani inapokutana na Barabara ya Namanga, akasimama na mguu mmoja chini hadi jua likatoka, malori yakipita na upepo wake ukimvuta nguo. Akageuza. Njogu alimsihi amwambie Ngui. Lorine aliahidi Ijumaa, akaahidi Jumatatu. Kila jioni kwenye simu Njogu alimuuliza, na kila jioni Lorine alibadilisha mazungumzo.

Jumanne ya wiki ya msafara aliingia ofisini akamkuta Ngui na Parsaoti, fundi wa baiskeli, wamekaa kimya kimya kama watu wenye msiba. Ngui alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomkata zaidi, kwamba Njogu amepita pale asubuhi, na kwamba hakuna haja ya kujilazimisha, Parsaoti ataongoza, yeye atakaa kwenye gari la maji kama kawaida. Parsaoti alitazama viatu vyake. Lorine alisema sawa. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya jengo, akampigia Njogu.

"Ulimwambia Ngui."

Alisikia injini ikinguruma kwenye simu, kisha ikazimwa. "Nilimwambia."

"Nilikuambia wewe, Njogu. Sikuwaambia watu."

"Lori, mimi ndiye niko kwa hiyo barabara kila siku. Najua vile watu wanalala kwa usukani. Ulitaka ninyamaze, halafu Jumamosi nipigiwe nije nikutambue mochari?"

"Nilitaka ugombane na mimi. Unigombeze hadi asubuhi kama unataka. Lakini wewe ulinizunguka, ukaenda kunisemea kama mtoto."

"Nilikuogopea."

"Basi kaa na huo woga wako," Lorine alisema. "Mimi niko na wangu unanitosha."

Akakata. Akazuia nambari yake isiingie tena, kwenye simu na kwenye WhatsApp, kisha akaketi juu ya tairi kuukuu akalia hadi fulana ya kijani ikalowa kifuani.

Jumatano hakwenda kazini. Alhamisi alikuwa na hasira bado, lakini ilipofika saa nne, saa ya lori la Illasit kuingia Noonkopir, alijikuta sokoni akijifanya ananunua fungu la dania. Lori halikuja. Akangoja hadi saa sita. Mama wa sukumawiki alimwambia hata wao wanashangaa, vitunguu vimepanda bei tangu asubuhi. Lorine alirudi nyumbani akafungua redio, akasikiliza habari zote hadi michezo, akingoja kusikia ajali ya lori barabara ya Emali. Hakusikia. Alishika simu mara nyingi. Mara zote alikumbuka Parsaoti akitazama viatu vyake, akaiweka chini.

Ijumaa alasiri mlango uligongwa. Ni Zipporah, amevaa leso juu ya suruali ya michezo, na mkononi ana mfuko wa nyanya. Alikaa, akakubali chai, akazungumza juu ya mvua. Kisha akasema kwamba yeye kesho haendi Kajiado kama mwalimu wake haendi.

"Parsaoti anajua barabara kuliko mimi, mama," Lorine alisema.

"Parsaoti hakunishika kiti miezi mitatu."

Lorine aliweka kikombe chini. Akamweleza ukweli, kwa mara ya pili maishani mwake, akimtazama Zipporah ili aone uso utakavyobadilika. Haukubadilika.

"Kwani ulidhani hatujui?" Zipporah alisema. "Mwalimu, kila mwezi unafika kwa lami unageuka. Sisi tuko na macho. Mimi nilikuja kwako kwa sababu hiyo. Wale wengine hawaogopi, watanifundisha nini? Mimi naogopa hadi tumbo. Wewe ukinifundisha kupiga breki nilijua huyu amefikiria breki kuliko wote."

Lorine alicheka kidogo, kisha akawa halii wala hacheki, amefunika uso tu. Zipporah aliendelea kunywa chai yake. Alipoondoka alisema saa kumi na mbili atakuwa pale msafara unapoanzia, kwenye petroli stesheni, nyuma kabisa ya watu, na kama Lorine hatatokea hatamlaumu, atarudi kuuza nyanya.

Saa kumi na mbili Lorine alikuwa pale. Hakujua atafanya nini. Watu sabini walikuwa wakijaza magurudumu upepo na kupiga picha, kijani kila mahali. Ngui, kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya maji, alimwona na baiskeli akataka kusema kitu, akaacha. Parsaoti alikuja akamsalimia kwa Kimaa, "Supa, mwalimu," na Lorine akajibu "Oleng". Msafara ukaondoka. Zipporah akaondoka. Lorine akabaki na mguu mmoja chini, akihesabu pumzi, kisha akamwona Zipporah akiyumba kidogo pale mbele kama alivyoyumba siku zote akiwa na hofu, na mwili wa Lorine ukafanya jambo ulilolizoea kwa miezi mitatu. Ukamfuata kumshika.

Kilomita za kwanza hakuona chochote ila gurudumu la nyuma la Zipporah. Kila lori lilipokuja kutoka nyuma alilisikia tumboni kabla ya masikioni. Mabega yalipanda, meno yakabana, ule mtulinga uliopona ukauma kana kwamba umevunjika jana. Upepo ulimsukuma kuelekea mtaroni kisha ukamvuta kurudi. Alisema kwa sauti maneno aliyowaambia wengine: tazama mbele, usikaze viwiko, pumua. Zipporah alidhani anaambiwa yeye akawa anaitika, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Baada ya nyumba kwisha na nyika kuanza, trela moja lilikuja nyuma yao likapunguza mwendo. Halikupita. Lilikaa pale, likinguruma, na Lorine akajua kwamba haliwaoni, kwamba sasa ndiyo sasa. Alitaka kujitupa majanini. Magari yaliyokuja kutoka mbele yalipokwisha, trela likatoka likaingia upande wa pili wa barabara, likawapita kwa upana wote huo, na mkono ukatoka dirishani ukapunga. Ulikuwa mkono wa mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, mtu asiyewajua kabisa.

Walipofika Isinya msafara ulikuwa unapumzika. Lorine alikaa chini ya kivuli cha duka, akatoa simu, akaiondoa ile nambari kwenye kizuizi, akapiga. Mwanamke wa kwenye simu alimwambia kwamba nambari aliyoipiga haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Ndipo hofu yote aliyoibeba kwa ajili yake mwenyewe ikageuka, ikawa ya Njogu. Siku nne. Hakuja sokoni, hayuko hewani, na neno la mwisho alilomwambia ni akae na woga wake.

Ngui alimwambia kuna nafasi kwenye pikapu. Hakuna atakayemwona vibaya, umbali huo tayari ni mrefu. Lorine aliitazama pikapu, akamtazama Zipporah anayekula ndizi ya pili. Alisema ataendelea. Hakuwa jasiri zaidi kuliko asubuhi. Aliona tu kwamba ndani ya gari atakaa na kufikiria, na hakutaka kufikiria.

Waliingia Kajiado saa saba na nusu, wa mwisho kabisa, jua limesimama juu ya vichwa. Pikapu ilikuwa imetangulia na kuegeshwa nje ya uwanja ambapo watu walikuwa wakila nyama. Na kando ya pikapu kulikuwa na mwanamume mrefu, shati limekunjamana kwa safari, ameweka mikono kwenye kioo cha mlango, anachungulia ndani. Akazunguka, akachungulia upande wa pili. Akainama kutazama nyuma, kwenye mitungi ya maji, kana kwamba mtu mzima anaweza kujificha pale.

Lorine alisimamisha baiskeli hatua mbili nyuma yake. Akapiga kengele.

Njogu aligeuka. Alimtazama yeye, akaitazama baiskeli, vumbi lililomfunika hadi kope, njia ndefu aliyotokea. Uso wake ulipita mambo mengi kwa haraka. Lorine alimwona akianza kusema jambo kuhusu hatari na akalimeza.

"Gia iliharibika Jumatano, karibu na Kimana," alisema mwishowe. "Nimekaa huko siku zote hizi. Leo nimetoka alfajiri, nimebadilisha gari mara tatu, simu ikazima Emali. Nilijua utakuwa kwa gari la maji. Nilitaka nikupate hapa nikuombe msamaha."

"Nimekupigia Isinya," Lorine alisema. "Nilidhani umekufa."

"Ulinipigia?"

"Usijipige kifua. Bado niko na hasira."

"Uko na haki." Alisimama na mikono ikining'inia, mtu mzima aliyezoea kuwa na usukani wa kushika. "Nilikosea, Lorine. Siri ilikuwa yako. Niliogopa, nikachukua njia ya karibu."

"Ukiogopa tena utaniambia mimi. Hata kama ni mara kumi kwa siku. Mimi, si Ngui, si mtu mwingine."

"Naogopa sasa hivi."

"Nini?"

"Nimekaa siku tatu chini ya lori bovu nikifikiria jinsi ya kukuuliza kitu, na sasa nimekuona hivi, sijui kama mtu anayetoka Kitengela hadi huku kwa baiskeli bado ananihitaji."

Zipporah, aliyekuwa amesimama karibu zaidi kuliko adabu inavyoruhusu, alisema anaenda kuangalia nyama kama imeiva.

Njogu akasema alitaka kupeleka wazee wake Butere kuposa mwezi wa kumi na mbili. Alilisema bila mzaha wowote, mkono ameuweka kwenye usukani wa baiskeli. Lorine aliutazama ule mkono. Alijua kwamba kesho, na wiki ijayo, honi ya lori bado itamshtua, na kwamba mtu huyu akichelewa kupiga saa mbili bado atazunguka chumba. Hakuna kilichokwisha. Hata hivyo alikuwa Kajiado, na alikuwa amefika kwa magurudumu mawili.

"Baba yangu huamka mapema," alisema. "Mfike kabla ya saa nne, chai ikiwa moto."

Kisha akamwachia baiskeli aishike, akaenda kunawa mikono.